Picha Yangu ya Likizo Iliwafanya Wagawane Nguo Zangu

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Arua ni ndogo na Koboko ni ndogo zaidi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, Mnubi wa Koboko, nimeolewa Awindiri, hapa Arua mjini. Nimeishi na mume wangu miaka tisa bila kujaliwa mtoto, na kwa hilo nimeshasemwa vya kutosha, kwa hiyo mnaotaka kunielekeza kwa waganga msijisumbue. Shida yangu ni picha.

Dada yangu mkubwa anaishi Entebbe, ni mpishi wa hoteli. Mwezi uliopita alinialika nikapumzike kwake. Nilistarehe jamani, sitaki kudanganya. Siku moja alinipiga picha kando ya ziwa nikiwa nakula samaki. Nyuma yangu kulikuwa na watoto wanaoga, madumu ya njano, na mzee mmoja anajikuna mgongo. Picha ya kawaida kabisa ya mtu aliyeshiba.

Dada anapenda sana kuchezea picha kwenye simu. Akakaa nayo jioni nzima. Akaondoa rangi zote, ikabaki nyeusi na nyeupe. Akawafuta watoto, akafuta madumu na mzee wa watu. Mawingu akayatia giza, juu ya maji akatandaza ukungu, mwanga akauacha usoni kwangu tu. Hata lile shavu lililojaa samaki likaonekana la mtu mwenye mawazo mazito! Nilipoiona nikasema, "Huyu ni mimi kweli?" Niliipenda mwenyewe, kwa hiyo simtupii dada lawama zote.

Asubuhi ya kurudi akanisindikiza mpaka kwenye basi. Alipofika kazini akaiposti ile picha na maneno haya: "Safari njema, mdogo wangu. Nitakukumbuka daima." Kisha akafungia simu kabatini, kwa sababu jikoni kwao simu hairuhusiwi. Yangu ikaisha chaji kabla hatujavuka daraja la Karuma.

Watu wa kwetu mmeshaelewa. Huku mtu aliye hai anapostiwa na rangi zake. Picha nyeusi na nyeupe ni ya msiba, na hakuna anayeuliza mara mbili. Dada amekaa huko chini, Entebbe, mpaka amesahau mambo ya nyumbani.

Niliposhuka Arua jua lilikuwa linazama, nikachukua boda. Kufika nyumbani naona turubai, naona viti, na getini imebandikwa picha yangu, ukungu na kila kitu. Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu waliponiona walitupa visu wakakimbia. Akabaki jirani mmoja tu, mama wa kutoka Sudan Kusini. Akanigusa mkono taratibu.

"Wewe iko mutu?"

"Mimi iko mutu, mama."

Akanikumbatia, akalia kwa sauti. Na huyo hata si ndugu yangu.

Niliingia ndani nikicheka. Nilidhani tutacheka wote, halafu mume wangu atanishika mkono aseme Alhamdulillah. Chumbani kwangu nikamkuta wifi yangu, dada wa mume wangu, anajitazama kwenye kioo. Alikuwa amevaa gurbaba yangu, ile nguo yetu ya Wanubi, ya rangi ya machungwa, ambayo mama yangu aliitarizi kwa mkono wake nilipokuwa naolewa. Sanduku langu lilikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, anapanga nguo zangu mafungu mafungu, kama mnavyojua zinavyogawiwa za marehemu. Lakini hizo husubiri mtu azikwe kwanza! Mimi hata maiti yangu iko wapi walikuwa hawajauliza.

Mama mkwe alishika kifua, akapumua, akarudi kwenye hali yake. "Sasa sisi ingejua namna gani? Picha ilikuwa ya kufa."

"Nani alifungua sanduku?" nikauliza.

Wifi akajibu bila kuivua ile nguo. "Bwana yako mwenyewe alileta ufunguo. Alisema tuchukue mbele watu ya Koboko haijafika, wao itabeba yote."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigusa.

"Nilipiga simu yako, ilikataa," akasema.

"Ulipiga mara ngapi?"

"Moja."

"Na dada yangu ulimpigia?"

"Hapana," akasema. Ndugu zangu, niliumia. Miaka tisa nimefua mashati ya mtu huyu, na kifo changu hakikustahili hata simu ya pili.

Asubuhi nikaenda Koboko kwa mama yangu. Nilimkuta sauti imekauka kwa kulia, alinishika uso kama kipofu. Wiki iliyofuata mume wangu akaja na wajomba zake wawili, wamebeba sukari na mkate. Wakaomba msamaha vizuri tu. Mama akanisihi, "Rudi, mwanangu. Picha ndiyo ilikosesha mutu." Nami nilikuwa karibu kukubali, msinicheke, nampenda. Nikamuuliza mume wangu jambo moja tu: nguo zangu ziko wapi?

Akawatazama wajomba zake, akanitazama mimi.

"Wewe rudi tu. Nguo nitanunua zingine. Zile wamegawa tayari, sasa nitanyang'anya watu namna gani?"

Mama aliinuka, akauchukua ule mkate na sukari, akaviweka mapajani mwa wajomba, akaingia ndani. Ananiachia mimi niamue, na Ijumaa wanarudi kuchukua jibu.

Nyinyi mnaosoma, mlioolewa na mliooa, niambieni bila kunionea huruma: nirudi kwa mwanaume anayeona haya kumnyang'anya dada yake gurbaba, lakini hakuona haya kunizika bila maiti?