Nyuma ya Mama Mkwe, Msituni

Nilikuwa karani Changamwe, na wenzangu ofisini walinicheka kwa jambo moja: mapenzi yangu ya ndege. Ndege mmoja hasa alinikosesha raha: mgongo wa kijani, madoa ya buluu mabawani, wekundu chini ya tumbo. Huja pwani masika yakianza, kisha hutoweka. Nilimwona kitabuni tu. Miaka mitatu nilivuka feri na darubini ya kuazima, nikazunguka vichaka vya Likoni, nikarudi na kupe miguuni na shingo inayouma.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru nikapata uhamisho wa Kisumu. Ilibaki Jumapili moja. Roho iliniuma, maana nisipomwona siku hiyo, sikujua kama ningemwona tena.

Baba mkwe, Mdigo na mzee wa kaya, alinihurumia akaniruhusu kuingia kaya yenyewe, msitu wao mtakatifu. Lakini mguu ulimsumbua, akasema mama ndiye atakayenipeleka. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Tangu nimwoe binti yake, mama yule nilimjua kwa sauti na kwa leso zake. Nitatafutaje ndege nimeinamisha kichwa?

Nikavua viatu kama kaya inavyotaka, nikamfuata kwa mbali, macho kwenye visigino vyake, darubini ikining'inia bure. Ndege walilia juu, nami nikasonya kimoyomoyo. Nilikasirika hata nikaacha kutafuta.

Ndipo majani makavu yakatikisika kati yetu. Akatoka akirukaruka, kijani na buluu na nyekundu, akapindua jani, akala mdudu, akanitazama. Kumbe ni ndege wa chini! Miaka mitatu nilikuwa nikimpita miguuni.

Nilisahau adabu. "Mama," nikanong'ona, nikainua uso. Alikuwa amegeuka, anacheka, na kicheko chake ni kile kile cha mke wangu.

"Huyo? Kila masika yuwaja. Wewe wapita ukitazama juu kama watafuta mwezi wa Ramadhani."

Nikainamisha macho haraka, yamejaa machozi ya furaha. Tulipotoka msituni alisema, bila kugeuka, "Nenda Kisumu salama. Mwakani mlete na mwanangu amwone, inshallah."

Masika yaliyofuata, uhuru ukinukia, tulishuka treni pwani watatu: mimi, mke wangu, na mtoto aliyezaliwa Kisumu. Mwanetu alikuwa ndiyo kwanza anatambaa, na macho yake tayari yalikuwa chini.