Skrubu ya Kifuniko cha Tangi

Kosa langu la kwanza katika ufundi lilitokana na usafi: nilikaza skrubu iliyotakiwa kubaki imelegea. Juzi nilikwenda Gatumba kutafuta petroli, nikafika mahali alipokuwa akiuzia mama mmoja Mkongomani, nikakuta matete na maji yaliyotuama. Sikushuka kwenye pikipiki. Ndiyo maana nakuandikia haya, rafiki yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba mdogo alikuwa na mashua yenye injini ya zamani, akienda nayo vijiji vya kusini kununua samaki na kuwaleta mjini. Asubuhi nyumba yetu ya Bwiza ilinukia chai ya tangawizi ya bibi, na petroli niliyoichuja kwa ushungi wake uliochakaa. Tangi la mafuta, lililorudishwa nyumbani kila jioni, lilikuwa kazi yangu. Hakuna aliyenifundisha, nilitazama tu, kisha nikafanya zaidi ya nilivyoagizwa. Kwenye kifuniko palikuwa na skrubu ndogo, petroli ikivuja pembeni yake kama jasho. Ilinikera. Nikaikaza kwa koleo, nikapangusa, nikarudi nyuma kidogo nilitazame tangi linavyong'aa.

Tangu siku hiyo injini ikawa inawaka vizuri, inakwenda robo saa, kisha inakohoa na kuzima katikati ya ziwa. Ikipumzika, inawaka tena. Baba mdogo alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akanunua mpira mpya wa mafuta. Haikusaidia. Mwisho akamgeukia mama wa Gatumba, aliyemuuzia petroli miaka yote.

Nilikuwepo. Alimuuliza mbele ya wateja, "Mama, siku hizi petroli yako unaichota mtoni Ruzizi?" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alijaza petroli kwenye chupa nyeupe ya kioo, akaiweka juani, akatuambia tungoje. Kama kuna maji, yatashuka chini. Tulingoja. Chini hapakuwa na kitu.

"Batoto yangu wanakula juu ya hii mafuta, papa," alisema. "Mi niiharibu juu ya nini?"

Baba mdogo akabeba bidoni zake tupu, yale madumu ya mafuta, kwa muuzaji mwingine, na huko ufukweni akawaeleza wenye mashua wenzake. Nao wakaacha kununua kwa mama.

Likizo ilipoanza nilipanda mashua na baba mdogo. Injini ilipozima nilifungua kifuniko niangalie mafuta, nikasikia tangi likivuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikaelewa palepale: tangu nilipokaza skrubu hewa haikuwa na pa kuingilia, kwa hiyo mafuta yalishindwa kutoka. Nikailegeza skrubu kimyakimya. Injini haikuzima tena. Baba mdogo akasema, unaona, ilikuwa petroli ya yule mama, kumbe kwenye bidoni ilikuwa imebaki yake kidogo, na sasa imekwisha. Nikaitikia. Niliogopa kunyang'anywa kazi ya tangi. Jioni bibi aliniuliza kwa nini sili, nikasingizia tumbo.

Kisha ziwa likapanda, Gatumba ikajaa maji, mama akahama na watoto wake. Wengine husema alirudi kwao Uvira. Nimeuliza sana, hakuna anayejua kwa hakika.

Baba mdogo nilimwambia mwaka jana tu. Akasema, "Ungeniambia wakati yule mama angali pale." Mashua alishaiuza. Bibi hayupo. Mimi natengeneza injini za watu ufukweni, na siku hizi nikikosea nasema siku hiyohiyo, hata kama mteja atanifukuza.