Opereta Aliyekata Simu

Kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kumkatia mtu simu. Yeye alikatiwa. Alitukanwa na walevi, akalaumiwa na madaktari waliosahau namba za vyumba vyao wenyewe, na siku moja mwanamume aliyetaka mochwari akaishia jikoni na kumwapiza yeye na kizazi chake. Mkono wake haukuchomoa waya hata mara moja mtu angali anazungumza.

Chumba cha simu kilikuwa chini ya ngazi, katika hospitali kubwa yenye vitanda mia sita. Dirisha lake moja lilitazama kamba za kuanikia mashuka. Mbele ya kiti palikuwa na ubao wenye matundu na taa ndogo. Taa ikiwaka, opereta huchomeka waya, huuliza anayepiga ni nani na anamtaka nani, kisha humuunganisha. Alifundishwa na msimamizi mmoja, mwanamke mrefu aliyeaminika kuwa hajawahi kucheka kazini. Somo la wiki ya kwanza lilikuwa hili: "Anayepiga ndiye anayekata. Wewe ni daraja, na daraja haliondoki mtu akiwa juu yake."

Somo la wiki ya pili: jina litoke kwa anayepiga. Opereta asimtajie mtu asiyemjua jina la mgonjwa, la daktari wala la mfagiaji.

Aliyashika yote mawili. Alishika pia namba zipatazo mia nne kichwani, kwa sababu daftari la namba lilikuwa limelowa maji ya mvua mwaka wake wa tatu kazini na hakuna aliyeleta jingine. Kwa kuwa kila mtu alimsikia akisema "subiri nikuunganishe", mji mzima wa hospitali ulimwita Bi Subiri, na jina likamfuata hadi nyumbani. Mitambo ya kujiunganisha yenyewe ilipoletwa, wanaume wanne waliubeba ubao wake kupitia mlango wa nyuma. Alistaafu mwaka uliofuata. Leo ana miaka sitini na mitatu na anaishi na binti yake katika vyumba viwili vyenye kibaraza. Kibarazani amempangisha fundi cherehani anayeitwa Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake pia.

Binti anafanya kazi katika kiwanda cha dawa, sehemu ya kufungasha vidonge. Huingia zamu saa moja asubuhi. Simu za wafanyakazi huachwa getini, katika visanduku vya mbao vyenye namba, na hazitolewi hadi saa tisa alasiri.

Ujumbe uliingia Jumanne, saa nne na dakika nane asubuhi, Bi Subiri akiwa anakunja nguo kitandani. "Mwanao yuko mikononi mwetu. Pokea simu inayokuja. Ukimwambia mtu yeyote tutajua." Simu ikaita kabla hajafika mwisho wa kusoma.

Alichosikia kwanza ni mwanamke akilia. "Mama, nisaidie! Mama!"

"Kipunje?" akasema.

Hilo ndilo kosa lake, na kila anaposimulia huanza nalo, hata kabla hujauliza. Kipunje ni jina la nyumbani. Binti alizaliwa mdogo kama punje ya mtama, na nje ya vyumba vile viwili hakuna anayemwita hivyo. Aliyefundishwa asitoe jina alilitoa kwa neno lake la kwanza kabisa.

"Sawasawa," sauti ya kiume ikasema. "Kipunje tunaye hapa. Sasa sikiliza, mama, na usikate. Ukikata simu hii, hesabu umeshazika."

"Sikati," akajibu. Lilimtoka kwa sauti ya kazini, tulivu na ya adabu, na nusura amweleze kwamba yeye huwa hakati.

Mwanamume akampa masharti. Achukue pesa zote zilizomo ndani, aende kwa wakala, atume kwenye namba atakayotajiwa akifika. Simu isitoke sikioni. Asisalimiane na mtu njiani. Bi Subiri akavaa viatu. Akachukua pochi. Alijua kwamba binti hapatikani hadi saa tisa, hivyo hapakuwa na namna ya kupiga na kumsikia akiwa mzima. Matapeli hawakulijua hilo. Iliwaangukia bahati tu.

Alipofika mlangoni kile kilio kikasikika tena nyuma ya mwanamume. Kibarazani, Sindano alikuwa ameinamia pazia la mteja.

"Bi Subiri, mbio zote hizo asubuhi! Kuna mchumba?"

Akamwinulia kidole anyamaze. Na hapo, akiwa amesimama kati ya cherehani na ngazi ya kushukia barabarani, kilio kikaja mara ya tatu.

Kusikiliza ndiyo kazi iliyomlisha. Aliwatambua madaktari kwa namna wanavyovuta pumzi kabla ya kusema "halo". Alijua chumba cha upasuaji kwa mlio wa feni yake. Sasa akasikia kitu ambacho hofu ilikuwa imemziba asikisikie mara mbili za kwanza. Kilio, honi ya gari mara mbili, pumzi iliyokatika, kisha "Mama, nisaidie". Mpangilio uleule. Honi ileile.

"Nani anazungumza, tafadhali?" akauliza.

"Nini?"

"Jina lako. Na unapiga kutoka wapi."

"Mama, unacheza na roho ya mwanao?"

"Mpe simu anitajie jina la bibi yake."

"Hawezi kuongea. Tumemfunga mdomo."

"Mmemfunga mdomo," Bi Subiri akarudia polepole, kama anayeandika. "Na huyo anayelia hapo nyuma ni nani?"

Kisha yule mtu akaanza kupiga kelele: dakika tano, damu, makaburi, tunaijua nyumba yako.

Asiyekuwa na mtoto angecheka hapo. Bi Subiri hakucheka. Alikuwa na hakika ya tisini kwa mia, na ile kumi iliyobaki ilikuwa Kipunje. Alichukua chaki ya Sindano akaandika juu ya meza ya kukatia: NIPE SIMU YAKO.

Sindano akasoma, akatazama uso wake, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakufanya mzaha. "Ina moto lakini haina salio," akanong'ona. "Tangu juzi ni ya kupokelea tu."

Simu ilikuwa moja. Ili kuuliza kiwandani, ilimpasa kukata ile aliyoambiwa asikate. Anasema hakuwaza ujasiri. Aliwaza kwamba sheria ya msimamizi wake ilikuwa nzuri, na kwamba huyu mtu alikuwa amesimama juu yake na kuikanyaga. Daraja ni la wapitao. Huyu hakuwa akipita kwenda popote.

Akapiga moyo konde. "Sasa nakata," akasema, kwa sababu hata katika hali ile hakuona sawa kukata bila kuaga.

"Kata uone!"

Akakata. Sindano anasema alivuta pumzi kama mtu anayetia mguu kwenye maji asiyojua kina chake.

Namba ya geti la kiwanda aliitoa kichwani. Duka la dawa la hospitali lilikuwa likiagiza huko, na kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyewaunganisha. Tarakimu mbili za mwanzo zilibadilishwa baadaye. Alizijua hizo pia.

"Getini hapa," akajibu mlinzi.

"Habari za kazi, baba. Namtafuta mfanyakazi wa sehemu ya kufungasha vidonge." Akamtajia jina kamili la binti. "Mimi ni mama yake."

"Mama, wafanyakazi hawaitwi wakiwa kwenye zamu. Hapa akina mama wakipiga wote, dawa hazitafungwa."

"Simwiti. Fungua daftari lako la kuingia, uniambie kama amesaini."

Karatasi zikapekuliwa. "Amesaini. Saa moja kasoro dakika nane."

"Asante. Saini ni wino. Nataka mtu amwone kwa macho."

"Mama, kuna nini?"

"Kuna mtu ameniambia anataka kumuua."

Mlinzi akauweka mkono wa simu mezani. Bi Subiri alisikia kiti kikianguka na buti zikikimbia. Alisubiri dakika saba. Katika dakika hizo simu ilitetemeka mara tisa sikioni mwake. Aliiangalia mara moja tu: "Umekata. Utajuta maisha yako yote." Hakujibu na hakufuta. Sindano alisimama pembeni ameshika pazia la watu kifuani kama mtoto mchanga.

"Mama? Nani amekufa?" sauti ya binti ikauliza.

"Hajafa mtu. Bibi yako aliitwa nani?"

"Mama, nina kofia ya nailoni kichwani na bosi yuko nyuma yangu..."

"Jina la bibi."

Binti akalitaja. Bi Subiri akaketi kwenye kiti cha fundi, juu ya pini zake, na hakuzisikia.

Aliporudiwa na nguvu aliandika. Saa ya ujumbe, saa ya simu, namba mbili zilizotumika, maneno kama yalivyosemwa, honi. Alijaza ukurasa mmoja na nusu kwa mwandiko wa kazini na kuupeleka kituo cha polisi mchana huohuo, pamoja na simu yenyewe ikiwa na jumbe zote kumi. Askari wa kike aliyekuwa kaunta alisoma mara mbili.

"Mama, wengi huja hapa wameshafuta kila kitu kwa woga," akamwambia. "Wengine wameshatuma pesa, wakaambiwa waongeze, wakaongeza. Wewe umeniletea kila kitu."

Akamweleza kwamba watu hao hurusha ujumbe mmoja kwa mamia ya namba na kungoja atakayeshtuka. Karibu kila mtu ana mtoto mahali fulani. Hawakuijua nyumba yake. Jina la Kipunje walilijua kwa sababu waliletewa. Namba zikaandikwa, nakala ikapelekwa kampuni ya simu, na Bi Subiri akaonyeshwa namna ya kuzifungia zisimfikie tena. Kama wamekamatwa, bado hajaambiwa, na yeye hadai kujua.

Mtaani habari ilienea kwa kasi ya Sindano, ambaye katika masimulizi yake alikuwa ameshika mkasi. Siku ya pili akaja mke wa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, akaketi, akazungumzia bei za mafuta ya taa, akainuka kuondoka, akaketi tena. Wiki tatu zilizopita alikuwa amepigiwa. Walisema wamemshika mumewe. Alilipa, na jioni mume akarudi akiwa mzima, anauliza chakula. Hakumwambia mtu.

"Nilikuwa mjinga, dada," akasema.

"Mimi nilishavaa viatu," Bi Subiri akamjibu. "Twende polisi. Nitakuandikia saa na tarehe."

Wakaenda. Hilo ndilo analolisema akiwa ameinua kidevu, kuliko hata ile simu aliyoikata.

Jumamosi zamu huisha saa sita. Binti alikuja na wenzake watano wa kufungasha vidonge, ambao kwa siku nne walikuwa hawazungumzi jambo jingine. "Huyu ndiye mama yangu," akawaambia, kwa sauti ya mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe. Wakajipanga kibarazani. Bi Subiri hakuwahutubia. Aliwataka wajaribu: kila mmoja akae kitini na simu, Sindano awe jambazi.

Sindano alikuwa jambazi mbovu. "Mimi ni mtu mbaya sana," akaanza, na wote wakaangua kicheko.

"Mtu mbaya hajitambulishi," Bi Subiri akamkosoa. "Anza upya. Na usimpe nafasi ya kufikiri. Hicho ndicho wanachokiiba kwanza."

Mmoja baada ya mwingine wakajaribu. Wawili walitaja majina ya watoto wao bila kuulizwa, wakajipiga vichwa. Mmoja alibishana na Sindano hadi akamshinda, na Bi Subiri akamwambia amefeli vilevile, kwa sababu mtu wa namna hii hashindwi kwa maneno: hukatwa, halafu unampigia mwenyewe yule wanayesema wamemshika.

Wa mwisho alikuwa binti. Akaketi akitabasamu, simu sikioni. Sindano, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshajifunza kazi, hakupandisha sauti.

"Tunaye mama yako," akasema. "Usikate."

Tabasamu likaondoka. Wenzake walidhani anaigiza. Mama yake alikuwa mbele yake, hatua tatu, juu ya kiti cha fundi, na bado kidole kilisimama juu ya kitufe kisishuke.

"Kata," Bi Subiri akamwambia.

Hakuweza. Macho yalikuwa yamejaa.

"Nilikuwa nacheka," akasema. "Mama, tangu Jumanne nawasimulia kiwanda kizima huku nacheka."

"Najua. Kata, mwanangu."

Akakata. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akatafuta namba ya mama yake na kuipiga. Simu ikaita mapajani mwa Bi Subiri, katikati ya wanawake watano na fundi mmoja. Aliketi wima, akaiweka sikioni, akapokea kwa sauti ambayo hospitali ya vitanda mia sita iliifahamu.

"Halo. Nani anazungumza, tafadhali?"

"Kipunje," binti akasema.