Siku Niliyoapa Kwamba Stelingi Hafi

Aibu hii wacha niisimulie mwenyewe, maana sokoni Rongo wanaisimulia vibaya. Kazi yangu ni kufasiri muvi kwenye kibanda cha video cha Mama Awuor: nashika maiki, picha inaenda, nawaelezea watu kwa Kiswahili na Kijaluo kidogo, na Jumapili ile mchana Mama Awuor alikuwa ameshanionya kwamba wateja wakitoka tena muvi haijaisha, maiki anampa mtu mwingine kutoka Migori.

Kwa kawaida naitazama muvi kwanza nyumbani. Siku hiyo sikutazama (nilitoka kanisani, nikala, nikalala, nikajiambia muvi za kutisha zote ni zile zile). Nikaingia kifua mbele, nikawaonyesha stelingi, yaani shujaa wetu, kijana wa mabega mapana aliyehamia nyumba fulani na mchumba wake, nikawaonyesha na adui, mzimu wa mwanamke mzee anayezungukazunguka humo ndani, kisha nikaapa kwa maiki, na spika iko nje soko lote linasikia, kwamba stelingi hafi, na akifa naacha kazi.

Muvi haijafika mbali, stelingi akateleza kwenye ngazi, akafa.

Nikasema anajifanya. Wakamzika. Nikasema atafufuka (jasho lilifika kwenye soksi), muvi ikaonyesha funza. Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka, wauza samaki wakaja mlangoni kuniangalia uso, halafu walioketi nyuma wakaanza kusimama waende zao, na Mama Awuor akawa ananyoosha mkono kuchukua maiki.

Hapo mama mmoja muuza dagaa wa omena, mjane tunayemjua wote, akauliza kutoka mbele, "Na huyu mama mzimu anataka nini kwani? Mbona hakuna mtu anamuuliza?"

Nikamtazama mzimu vizuri kwa mara ya kwanza, nikaona hamgusi mtu, anasimama tu mlangoni. Nikaacha kufasiri, nikaongea kama yeye.

"Hii nyumba nilijenga na mzee wangu. Siku tulimzika, mashemeji walinitoa na nguo moja. Sijakuja kuua mtu. Nimerudi kwangu."

Waliosimama wakakaa. Na kumbe muvi yenyewe ilikuwa inaelekea huko huko, maana mwisho yule mchumba alihama na mzimu akaketi kwenye kiti chake, na makofi yaliyopigwa yalitikisa mabati. Nilijisikia mfalme, sifichi.

Mama Awuor aliniachia maiki, akaniambia niirudie muvi hiyo Jumapili inayofuata. Yule mjane akitoka alinishika mkono, akasema, "Umenisemea."

Kuapa nimeacha, ila nimeamua: muvi ambayo sijaitazama siisimulii, na mzimu yeyote akitokea, kwanza namuuliza shida yake.