Damu Iliyobaki Ughaibuni

Miaka ya themanini nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya huko Wingwi. Walikuja madaktari wa Kizungu kutafiti damu za watu, nami nikapewa kazi ya kutafsiri na kujaza fomu. Daktari wao alieleza kwa kirefu: damu itasafirishwa kwao, itahifadhiwa, na itatumika hata katika tafiti nyingine. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Mie nikawaambia watu, "Mnapimwa damu tu. Wekeni dole gumba hapa."

Akaja bibi mmoja mjane, wa ukoo wenye asili ya Oman, kashikwa mkono na bintiye. Fomu ilitaka asili ya mtu.

"Bibi, niandike kabila gani?"

Akanitazama. "Mwanangu, mara ya mwisho kuulizwa hivyo ilikuwa siku za Mapinduzi. Mume wangu akapandishwa gari, sikumuona tena. Andika mtu."

Daktari alikuwa akisubiri. Nikaandika Mwarabu, kwenye fomu na kwenye kichupa. Bibi akatia dole gumba, kisha akauweka mkono mezani kwa ajili ya sindano.

Mwaka haukwisha, akafariki. Nilikwenda mazikoni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa karibu kustaafu, mtafiti kijana kutoka kwao wale madaktari alinionesha picha kwenye kompyuta yake: vichupa ndani ya barafu, safu kwa safu. "Hizi za Wingwi bado nzima," akasema, "tunazitumia mpaka leo." Kimoja kiliandikwa: mwanamke, Mwarabu. Mwandiko ulikuwa wangu. Kijijini pale sikumwandika mwanamke mwengine hivyo.

Nikamfuata bintiye, nikamkuta akimenya muhogo.

"Damu ya mama yako ingalipo. Iko kwao wale madaktari, kwenye barafu."

Akaweka kisu chini. "Haijaoza?"

"Haijaoza."

Akajifuta mikono. "Kila nikimuota hulalama baridi. Nami nikidhani kaburi limeingia maji." Kisha akauliza, "Nani aliwaruhusu?"

"Mie. Mama yako sikumueleza."

Hakunigombeza. Tuliwaandikia barua pamoja, kutaka damu iondolewe kwenye barafu, akatia saini yake. Miezi ikapita, jibu likaja: kichupa kimeondolewa na kuharibiwa. Nikamsomea mara mbili.

"Wameimwaga wapi?" akauliza.

Barua haikusema.