Kompyuta Iliyozoeana na Mashine

Mwanangu, asubuhi nimekufokea, na hasira bado ninayo. Umelazimisha gemu jipya kwenye kompyuta yangu kuukuu, imegoma kuwaka, ukanificha siku mbili. Kaa hapa karibu. Na mimi nina siku yangu ninayoikumbuka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najifunza kudarizi kwa Mama Aikande pale Lemara. Mashine yake iliongozwa na kompyuta ya zamani, nami niliionea aibu. Wiki hiyo tulikuwa na majoho ishirini ya kwaya, yanatakiwa Jumapili. Mama Aikande akaenda msibani Kikwe. Nyuma yake nikaweka programu mpya yenye herufi za madoido. Kompyuta ikanionya: mfumo wake ni wa zamani, haitawezekana. Nikatafuta ujanja mtandaoni, nikalazimisha. Ikajizima, ikajiwasha, na tangu hapo haikuitambua tena mashine. Fundi akasema programu ya kuziunganisha haitolewi tena.

Nililia, mwanangu. Kesho yake nikamfuata Mama kule Kikwe nimeshika jani la sale, kama wazee wetu wanavyoomba msamaha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Sale asubuhi hii? Umenichomea nyumba?”

“Nimeharibu kompyuta.”

Akalipokea lile jani. “Moyo wangu umetulia. Ila sale haliwashi mashine. Chukua sindano.”

Siku tatu tukadarizi misalaba kwa mkono, bega kwa bega, vidole vyangu vimetobolewa vibaya. Jumamosi jioni, joho la ishirini likiwa mapajani mwake, akaniambia, “Kutaka kipya si kosa, binti. Kosa lako hukuuliza hiki cha zamani kimebeba nini.” Hakunifukuza.

Basi sikia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kitu kikuukuu kinachofanya kazi, kuna mtu alihangaika mpaka kikazoeana na wenzake. Kipya kijaribu pembeni kwanza. Kazi za watu ziwekee nakala. Ukionywa, simama, uulize. Kuuliza si ujinga. Na ukishaharibu, njoo useme siku hiyohiyo. Nitafoka, unanijua. Nikimaliza kufoka tutakaa wote tutengeneze.

Mungu akupe mikono isiyo na papara, mwanangu, na akujalie usiniogope kuliko unavyonipenda.