Kufuli la Bembea

Mwalimu Jentrix Nelima alifundisha chekechea pale Kondele miaka mingi, na muda wote huo alipigana na watu wazima wenzake. Alitoka Bungoma akiwa msichana, Kijaluo, lugha ya pale, akafundishwa na watoto wenyewe. Mwaka 1989 yeye na fundi mmoja wa kuchomelea waliunda bembea kwa vyuma chakavu. Ilikuwa inalia kama mlango mbovu, lakini watoto waliigombania tangu asubuhi.

Kisha ikaja homa ya intavyuu, ule mtihani wa kumpima mtoto wa miaka sita kama anafaa kuingia darasa la kwanza. Watoto wawili watatu wakaanguka mtihani huo, wazazi wakatafuta mchawi, na mchawi akawa bembea. Mzee Nicodemus, mwenyekiti wa kamati ya shule, akaifunga kwa mnyororo na kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

"Mwalimu, wacha hiyo maneno ya kucheza," alimwambia. "Hapa watoto inakuja kusoma."

Mwaka mzima bembea ilikaa kifungoni. Watoto waliimba herufi mpaka sauti zikawakauka, na aliyechungulia dirishani alichapwa. Nilikuwa mzazi pale, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Sasa ona jeuri ya watu. Kamati hiyohiyo ikamwalika Bi Nakhungu, mtaalamu kutoka Nairobi, aje kutuhutubia wazazi juu ya michezo ya watoto katika jamii ya kisasa. Bembea ikapakwa rangi ya buluu, mnyororo ukafunikwa kwa maua ya karatasi. Watoto wakapangwa foleni juani, kidole mdomoni kama ishara ya kunyamaza, wasije wakachafua sare. Na kazi ya kumtambulisha mgeni akapewa nani? Jentrix.

Alisimama, akawatambulisha wanakamati mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yetu. Mwishowe akafika kwa mgeni.

"Huyu ni Bi Nakhungu. Amekuja kutuambia kwa nini mtoto acheze. Lakini mgeni wetu, kuna mmoja hapa bado hajatambulishwa." Akaenda kwenye bembea, akang'oa yale maua. "Hii inaitwa kufuli. Imekaa hapa mwaka mzima. Mwenye ufunguo ni mwenyekiti, huyo amekaa kando yako."

Mzee Nicodemus akasema ufunguo ameuacha nyumbani, Otonglo. Bi Nakhungu akakunja hotuba yake, akaitia mkobani.

"Basi mzee, tutangoja uletwe," alisema. "Kabla ya hapo sina la kusema."

Mzee akajipapasa, na ufunguo ukaonekana palepale, mfukoni mwa koti. Kufuli likafunguka, mnyororo ukaanguka chini, sisi wazazi tukapiga makofi.

Hakuna mtoto aliyekimbia. Walibaki kwenye foleni, vidole midomoni, wakimtazama mwalimu wao. Mwishowe Aoko, mtoto wa miaka mitano, akainua mkono.

"Mwalimu," aliuliza, "hii itaulizwa kwa intavyuu?"